Msimu wa Cheti Kipya

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumehamia toleo jipya la seva. Mkuu wangu anataka kila hatua iandikwe kwenye daftari la kazi, na nimeiandika. Lile ni la saa, amri na majina ya mafaili. Hili ni langu. Humu nitaweka yale ambayo yeye akiyasoma atanihamishia stoo.

Ninafanya kazi hospitali kuu, chumba cha mitambo, nyuma ya maabara. Zahanati kumi na moja za vijijini zinatuletea damu za wagonjwa. Maabara inapima, inaweka majibu kwenye tovuti yetu, na muuguzi kule aliko anafungua kompyuta yake na kuyasoma. Hakuna njia nyingine. Majibu hayasemwi kwenye simu wala hayatumwi kwa ujumbe. Kabla ya kuongea, seva inaionyesha kompyuta ya zahanati cheti chake cha usalama. Kompyuta inakikagua, na ikiridhika ndipo mlango unafungwa nyuma yao na siri zinapita. Cheti chetu cha zamani kilitolewa kwa miaka kumi, mtindo ambao siku hizi hakuna anayeukubali. Kipya nimekitoa leo mchana, cha mwaka mmoja tu.

Mkuu tunamwita Bwana Taratibu. Leo amesimama nyuma ya kiti changu tangu asubuhi, mikono mgongoni, na kila nikigusa kitufe anasema "taratibu". Nimekwenda taratibu mpaka shingo imekakamaa.

Jumanne, 5 Machi

Zahanati nne zimekataliwa. Vivinjari vyao, programu za kufungulia tovuti, ni vya zamani mno, havijui lugha ya seva mpya. Dereva wa sampuli za damu ametumwa huko akiwa na vivinjari vipya kwenye flashi.

Alhamisi, 7 Machi

Zote kumi na moja zinaingia. Nimejisifu kimoyomoyo, maana hakuna mwingine aliyenisifu.

Jumanne, 12 Machi

Wifi yangu amejifungua jana. Mtoto wa kike. Mdogo wangu ndiye muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya mto, kwa hiyo mke wake amezalia mikononi mwa wauguzi anaowafundisha kazi mwenyewe. Alipanda kilima nyuma ya zahanati ili apate mtandao wa simu, na kwa simu yake ya kitochi akatupigia. Mama, ninayeishi naye, alininyang'anya simu na kuuliza mtoto amefanana na nani. Akaambiwa amefanana na yeye. Tangu hapo anajitazama kwenye kioo cha kabati akipita.

Mimi sasa ni shangazi. Nimelifurahia neno lenyewe kuliko nilivyotegemea.

Mdogo wangu amemtoboa mtoto kisigino na kuchukua tone la damu, kama anavyowafanyia wachanga wote. Kipimo ni cha tezi ya shingo. Wachache huzaliwa nayo imelala. Kidonge kidogo kila siku, kikianza mapema, mtoto anakua kama wenzake. Kikichelewa, akili inadumaa, na kilichodumaa hakirudi. Kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana wanapima wote, na ndiyo maana majibu hayatakiwi kuvuka wiki ya pili.

Jumatano, 13 Machi

Dereva wa sampuli amerudi na boksi la ng'ambo, lina damu ya binti yetu na za wachanga wengine wa wiki hii. Anasema maji yamefika ubao wa chini wa daraja.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza ng'ambo tangu juzi. Zahanati ya mdogo wangu haiingii.

Alinipigia kutoka kilimani, upepo ukivuma kwenye simu. Inatoa maneno mekundu, akasema, kuhusu usalama, na imekataa tangu mvua ianze. Nikamwambia seva haijui mvua. Azime, awashe. Akasema amezima na kuwasha kutwa nzima. Nikamwambia basi azime tena, apumzike, awashe kesho.

Ijumaa, 15 Machi

Daraja limefungwa. Ng'ambo bado.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Ng'ambo bado. Nimeilegezea seva masharti ili ikubali lugha za zamani, nikajaribu, nikayakaza tena. Hakuna tofauti.

Jumanne, 19 Machi

Zahanati ya pili imekatika, ile ya msituni. Huko nako mvua imeanza juzi. Muuguzi wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole, naye ameniambia ni mvua. Nimemweleza kwa adabu kwamba antena ya mtandao wa zahanati ikilowa hupunguza kasi tu, haiwezi kukichagua cheti na kukikataa. Nilipokata simu nilisema maneno mengine, yasiyo na adabu.

Ijumaa, 22 Machi

Ya tatu. Na mvua iko juu yake.

Nimekwenda kwa Bwana Taratibu nikamwambia turudishe seva ya zamani mpaka nijue kosa liko wapi. Amekataa. Ya zamani ina tundu, kasema, na mtu yeyote mwenye nusu ya ujuzi wangu anaweza kusoma majibu ya wagonjwa akiwa amelala kitandani kwake. Nikamwambia hivi sasa hata wenye haki ya kuyasoma hawayasomi. Akasema, "Endelea kutafuta. Taratibu."

Nadhani anaogopa kuandika kwenye ripoti kwamba tumerudi nyuma. Mtu anayependa ripoti zaidi ya watu. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 25 Machi

Mama Maabara, mpimaji wetu wa damu, alisimama mlangoni kwangu na koti lake jeupe. Huwa haji upande huu, anasema chumba changu kinampa mafua. Akasema majibu ya wachanga ameyaweka yote tangu wiki iliyopita, yuko na kazi nyingine sasa. Kisha akauliza, "Ng'ambo wanasoma?"

Nilikuwa nimeinamia skrini. Nikamwambia watasoma. Alikaa pale kidogo, halafu akaondoka.

Jumanne, 26 Machi

Mvua kutwa. Nimebadilisha kila kinachobadilishika. Tano sasa hazina majibu.

Alhamisi, 28 Machi

Nataka kuandika mazungumzo haya kama yalivyokuwa, kwa sababu usiku nitayabadilisha kichwani niwe mwema zaidi.

Mdogo wangu alipiga mchana. Sauti yake haikuwa ile ya utani. Mtoto ana wiki mbili na siku zake juu, akasema, na wifi yako hali chakula. Kila mtoto akilala kidogo anamwamsha kumwangalia macho.

"Dada, wewe si uko hapo hapo na mashine?"

"Niko."

"Na una funguo zote."

"Ninazo."

"Basi fungua la kwetu tu. Uniambie ndiyo au hapana. Sitaki karatasi."

Akaniita kwa jina la utani alilonipa tulipokuwa wadogo, ambalo sitaliandika.

Nikasema, "Nikifungua la kwako leo, kesho nitafungua la nani? Nilikula kiapo."

"Kiapo kilimhusu mwanangu?"

"Kiliwahusu wote."

"Wote wana shangazi huko?" akauliza, na mtandao ukakata, au alikata yeye. Sijajua.

Nimekaa mbele ya seva. Jibu la mtoto wa mdogo wangu liko ndani ya sanduku la bati ambalo goti langu linaligusa nikikaa vibaya. Kulifungua ni maneno mawili ya kuandika. Sijaandika. Nilijiona nina msimamo na nilijichukia, vyote kwa pamoja.

Jumamosi, 30 Machi

Mama hasemi nami. Anasema na sufuria. "Wapo watu," anaiambia, "wana funguo na hawana moyo." Sufuria inakubali.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana Taratibu, safari hii si kugombana. Nikamwambia ukweli wote: ni mtoto wa mdogo wangu, naomba kibali cha kufungua jibu moja.

Alifunga mlango. Akaniambia nikae, jambo ambalo hajawahi kunifanyia.

Zamani, akasema, majibu yalikuwa yanasomwa kwenye simu. Siku moja mwanamume alipiga, akajitambulisha kuwa ni muuguzi wa zahanati fulani, akataja namba ya mgonjwa bila kukosea. Akasomewa jibu. Hakuwa muuguzi, alikuwa mume wa mgonjwa. Yule mwanamke alifukuzwa usiku uleule na watoto, na baadaye alikutwa amekufa. Nilikuwa nimeisikia hadithi hii, kila mtu hapa ameisikia. Nilichokuwa sikijui ni nani aliyekuwa ameshika simu upande wetu.

"Nilikuwa mimi," akasema. "Nilisoma vizuri kabisa. Nilirudia mara mbili ili asikosee kuandika."

Kisha akaniambia hawezi kunipa kibali. Nikifungua la mmoja kwa sababu ni ndugu, sheria imekufa, na itakuwa imekufa kwa ajili yetu tu. Niliondoka na hasira yangu yote, lakini haikuwa tena na mtu wa kumwangukia.

Jumanne, 2 Aprili

Bwana Taratibu hayupo. Hajasema anakwenda wapi. Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Hayupo. Katibu wake anasema ana shughuli za nje. Nimefikiria mabaya, kwamba amejificha asiulizwe.

Amerudi saa kumi jioni na viatu vilivyogeuka tope tupu. Alikuwa amechapisha majibu ya zahanati zote tano, akayatia kwenye bahasha, akazifunga kwa gundi na mihuri, akachukua gari la hospitali kwenda mtoni, maana njia ya zote tano inapita hapo. Alilala ndani ya gari akisubiri maji yashuke. Hayakushuka. Akajaribu kumpata mwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi akamcheka. Bahasha amezirudisha zikiwa zimelowa, mihuri haijaguswa. Akaziweka kwenye kabati lake na kufunga kwa ufunguo. Nilimpelekea chai. Nilichoandika tarehe ishirini na mbili bado sikifuti, ila nakiona aibu.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo nimejua.

Nilianza asubuhi kwa kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanza nacho. Nimekuwa nikisoma kumbukumbu za seva nikitafuta mahali tunapowakataa hao watu. Wiki tatu natafuta kosa letu, kufuli letu, masharti yetu. Leo nilisoma mstari mzima, pole pole, kwa kidole, na nikaona aliyekata mazungumzo si sisi. Seva inatoa cheti, na kompyuta ya zahanati inakitazama, inakikataa na kuondoka. Sisi hatumkatai mtu. Wao ndio hawatuamini.

Nikaanza kujiuliza yale maneno mekundu yanasemaje hasa. Sijawahi kuuliza! Mdogo wangu anaponipigia yuko kilimani, kompyuta iko chini, simu yake haipigi picha. Kila mara alinieleza kwa ufupi, "maneno ya usalama", na kila mara nilimjibu kabla hajamaliza, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Nilimpigia mpaka akapatikana. Nikamwomba ashuke, ayanakili maneno yote jinsi yalivyo, apande tena. Aliuliza kama najua mvua inavyonyesha. Nikasema najua. Alikwenda.

Aliporudi alikuwa anahema. Alikuwa ameandika kiganjani kwa kalamu, na wino umeanza kuvuja. Akasoma neno kwa neno: "Cheti cha tovuti hii bado hakijaanza kutumika."

Hakijaanza. Hayakusema kimeisha muda wala kwamba si halali. Nilisimama nikiwa na simu.

"Tarehe," nikasema. "Kona ya chini ya skrini. Inasema leo ni lini?"

"Sijaangalia. Nani anaangalia tarehe kwenye ile mashine?"

"Shuka tena, ndugu yangu. Nisamehe."

Akashuka. Nilimsubiri nikitazama maji yakiteremka kwenye dirisha. Alipopiga alikuwa anacheka kwa namna isiyo ya furaha. Mashine inasema ni Januari, miaka sita nyuma. "Huku ndani sijaoa," akasema.

Nikamwuliza anaizima lini. Kila jioni, akasema, tangu mvua ianze. Kiangazi huwa hawaizimi kabisa, jua ni tele. Mvua ikija, betri za sola haziwezi kufika asubuhi, kwa hiyo jioni anachomoa taa, anachomoa kompyuta na kila kitu, umeme wote ubaki kwa friji ya chanjo. Zahanati zote hufanya hivyo. Ni mkuu wa chanjo aliyewafundisha, na alifundisha vyema. "Au ulitaka chanjo zioze?" akaniuliza.

Kompyuta hizo zilikuja kwenye shehena moja, za msaada, tayari zimetumika kwingine. Ndani ya kila moja kuna betri ndogo, ya mviringo kama kifungo cha koti, inayoitunzia saa mashine ikiwa imezimwa. Zote zimekwisha. Ukiichomoa mashine kwenye umeme, inasahau siku na kurudi tarehe ya kiwandani. Misimu yote iliyopita ilisahau vilevile, lakini cheti cha zamani cha miaka kumi kilikuwapo hata miaka sita nyuma, kwa hiyo kilipita. Changu kimezaliwa mwezi uliopita. Ukiwa Januari ya miaka sita iliyopita, cheti changu ni uongo, na mashine imefanya haki kukikataa.

Waliniambia ni mvua. Mdogo wangu aliniambia, mama wa msituni akaniambia, na mimi nikawaeleza kwa adabu.

"Bonyeza ile tarehe," nikamwambia. "Weka ya leo. Kisha fungua tovuti."

Hakunipigia tena. Nilisubiri. Kisha kwenye kumbukumbu ya seva niliona mstari mmoja ukipita bila kukatwa: ng'ambo imeingia. Nikawapigia wale wengine wanne, mmoja mmoja, na kila mmoja akaweka tarehe. Kazi yenyewe haizidi muda wa kuchemsha yai.

Bwana Taratibu alikuja akasoma skrini begani kwangu. Safari hii hakusema taratibu.

Mdogo wangu alipopanda kilima kulikuwa kunaanza giza, nami nilikuwa nimerudi nyumbani. Binti yetu mzima. Tezi yake inafanya kazi. Nilimwita Mama, nikamwekea simu sikioni, na mwanamke ambaye hajanisemesha tangu Jumamosi akanishika mkono hata kucha zikaniingia. Nililia. Sikuona aibu, na sioni sasa.

Kisha mdogo wangu akasema nimwondoe Mama kwenye simu.

"Yupo mmoja," akasema. "Mchanga wa wiki ile ile. Siwezi kukwambia ni wa nani. Ila yupo, Dada."

Ijumaa, 5 Aprili

Sijafanya kazi ya maana leo. Nimefikiria jambo moja. Kama Alhamisi ile ningevunja kiapo na kufungua jibu la mpwa wangu, ningeona ni zima, ningempigia mdogo wangu, na sote tungelala usingizi. Yule mwingine angebaki ndani ya sanduku. Labda mpaka kiangazi. Siwezi kujipongeza kwa hilo, kwa sababu wiki zote hizi, nikisema "watoto", nilikuwa na maana ya mtoto mmoja.

Jumamosi, 6 Aprili

Mdogo wangu alitoka alfajiri na dawa mfukoni. Mama wa mtoto anaishi juu ya bonde, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na njia imegeuka mfereji. Amemkuta. Mama huyo amempa ruhusa aniambie habari zake, kwa kuwa aliuliza kwa nini majibu yamechelewa, na mdogo wangu si mtu wa kudanganya.

Ni mtoto wake wa kwanza. Alimwambia mdogo wangu kuwa amekuwa akimshukuru Mungu kwa kupewa mtoto mtulivu. Halii. Analala kutwa, anaamshwa anyonye, ananyonya kidogo, analala tena. Majirani wenye wachanga wanaolia wamekuwa wakimwonea wivu. Utulivu huo ndio ugonjwa wenyewe. Mdogo wangu alikiponda kidonge ndani ya kijiko, akakichanganya na maziwa ya mama mtoto, na mtoto akameza.

Akauliza wamechelewa kiasi gani. Mdogo wangu akamwambia hajui, na daktari naye hatajua mpaka mtoto akue.

Akauliza majibu yalikuwa wapi. "Nikamwambia hospitali," mdogo wangu akasema. Nikamwambia akienda tena aseme yalikuwa kwa dada yake.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemfuata Mama Maabara. Nilitaka kumlaumu, nakiri. Yeye ndiye aliyepima, alijua. Kwa nini hakupiga kelele?

Aliendelea kupanga chupa zake. "Nilikuja kwako," akasema. "Nikakuuliza ng'ambo wanasoma. Ukaniambia watasoma."

Aliacha zile chupa na kukaa. Akasema naye hajalala vizuri, na kwamba siku ile mlangoni alitaka kuniambia ni muhimu, ila angesema hivyo ningejua kuna jibu baya, na kujua kwangu kungekuwa ni kuvunja siri ya mtu. Tumekaa pale wanawake wawili tuliofuata sheria.

Jumatano, 10 Aprili

Bwana Taratibu ameandika agizo jipya. Seva sasa inaonyesha kila jibu lililofunguliwa na lisilofunguliwa. Lisilofunguliwa kwa siku tatu, mtu anatumwa kwa njia yoyote iliyopo, na mgonjwa atakuwa na neno lake la siri alilochagua mwenyewe siku ya kutolewa damu, ili hata simu iweze kutumika. Mimi nimeifanya seva iwagawie zahanati saa na tarehe kabla ya kuonyesha cheti. Alipoweka sahihi alikaa na kalamu mkononi. "Nilikuwa namlinda yule mwanamke wa kwanza," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Zote zinaingia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Zote zinaingia.

Jumamosi, 20 Aprili

Daraja limefunguliwa jana. Leo nimevuka na dereva wa sampuli, nikiwa na pakiti ya betri za vifungo na bisibisi. Nimembeba mpwa wangu. Ana paji la uso la Mama kweli, masikini. Nimebadilisha betri ya kompyuta, nikaichomoa, nikaiwasha, na ikasema leo ni leo.

Mama wa juu ya bonde alikuwa amekuja kliniki. Mdogo wangu alinionyesha kwa kidevu, akatuacha. Ni binti mdogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameketi kwenye benchi na mtoto kifuani, amelala.

Nilijitambulisha kwa kazi yangu. Akaniuliza kama ni mimi niliyekuwa na majibu.

"Yalikuwa kwangu."

"Na hukujua."

"Sikuyafungua. Hairuhusiwi."

Akalifikiria hilo. "Ungejua, ungekuja?"

"Mto ulikuwa umejaa."

"Sijauliza mto," akasema.

Nilijibu la kweli, maana hakukuwa na jingine la kumpa. Nikamwambia sijui. Nikamwambia nilikuwa namfikiria mtoto wa mdogo wangu, si wake. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisimama kwenda kupima uzito wa mtoto, akahitaji mikono miwili kufungua khanga, akanipa mtoto nimshike. Alikuwa mzito kwa usingizi. Macho yake yalifunguka kidogo, yakanipitia, yakafungwa. Kabla sijaondoka mama yake aliniomba namba ya simu. Sikumwuliza ya nini, nikamwandikia.

Jumanne, 23 Aprili

Jua kidogo mchana. Nimefua.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua imekwisha, wanasema, ingawa nyuma ya maabara bado kuna madimbwi.

Saa tano asubuhi simu yangu iliita, namba nisiyoijua. Nikasema haloo mara mbili. Hakuna aliyejibu. Kulikuwa na mtoto analia, karibu kabisa na simu, kilio kikali cha hasira, cha mtu anayedai chake na anaona anacheleweshwa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Bwana Taratibu alikuwa anapita na mafaili, akaniona, akasimama, na nikamwinulia simu asikie. Akakaa kwenye ngazi ya chini yangu na suti yake.

Baadaye sauti ya mama yake ikasema, "Unamsikia?"

Nikasema namsikia.

"Siku hizi hatulali," akasema.

Hatukukata, si yeye si mimi. Mtoto aliendelea kulia mpaka salio la mama yake likaisha.